Niliapa kwa Mungu kwamba nililipa bima ya pikipiki ya mgeni

Admin, nifiche jina tafadhali, Nachingwea ni mji mdogo. Nimeandika haya na kuyafuta mara nne.

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, nina mtoto mmoja, nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Mwaka jana tulipokea mgeni, mzee wa Kiholanzi wa miaka 67. Nitamwita Babu Piti. Ujanani aliwahi kufundisha ufundi huku kwetu, Kiswahili chake cha kuungaunga lakini mnaelewana. Alitaka kununua pikipiki, azunguke kusini yote mwezi mzima, halafu aiuze arudi kwao. Aliniambia, "Mke wangu amekufa. Tulisema tutakuja wawili. Sasa nakuja mmoja."

Nilimpenda kama baba. Nikamtafutia pikipiki Ruangwa, ya mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Kwa kuwa mgeni hakuwa na namba ya mlipa kodi, tukakubaliana kadi iandikwe jina langu. Bima ya mwalimu ilikuwa imeisha, hivyo Babu Piti akanipa hela nikakate mpya, yeye akabaki kwa fundi anabadilisha tairi.

Kwa wakala wa bima, palepale Ruangwa, nilimkuta binti, nimwite Rehema. Akasema, "Dada, mtandao umekata tangu asubuhi. Rudi saa kumi." Mdogo wangu alikuwa anaolewa siku iliyofuata, Jumamosi, nikaona niende saluni nisuke kwanza. Jamani, saluni mnaijua. Natoka ni saa kumi na moja na nusu, ofisi imefungwa.

Babu Piti akaniuliza, "Bima tayari?"

Nikamjibu, "Tayari, babu."

"Karatasi iko wapi?"

"Siku hizi hakuna karatasi, iko kwenye mfumo."

Sikutaka kumwibia, Mungu shahidi yangu. Niliona aibu tu kusema nilikuwa nasuka nywele. Nikajipa moyo kwamba Jumatatu nitaikata hapahapa Nachingwea, hatajua. Lakini Jumapili asubuhi akaaga, anaelekea Mbekenyera kumsalimia rafiki yake wa zamani. Ningeweza kumwambia, babu subiri kesho. Badala yake nikamfungashia chapati na kumpungia mkono.

Kabla ya adhuhuri simu ikaita. Amemgonga mzee mmoja mwenye baiskeli, mguu wa mzee umevunjika mara mbili. Yeye mwenyewe bega limeteguka. Polisi walipoingiza namba ya pikipiki hawakuona bima, na kadi ina jina langu, nikaitwa.

Nikaenda kituoni. Askari akauliza, "Mwenye chombo ni wewe. Bima iko wapi?" Babu Piti alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa kitambaa, ananiangalia kwa kuniamini kabisa. Mdomo wangu ukasema, "Nilimpa yule binti wa bima mkononi. Akasema mtandao ukirudi ataingiza."

Rehema akaletwa. Alishtuka mpaka akacheka, akidhani nimemfananisha. "Dada, ulinipa saa ngapi? Si nilikwambia urudi?"

Nikasema, "Wallahi nilikupa."

Niliapa, ndugu zangu. Hela zenyewe zilikuwa ndani ya pochi niliyoishika mkononi.

Babu Piti hakutaka kesi. Alisema binti bado mdogo, asamehewe. Akamtibia yule mzee kwa fedha zake za safari, pikipiki ikauzwa, yeye akarudi kwao bila kufika popote alipotaka. Rehema alifukuzwa kazi wiki ileile. Yule mzee anatembea, ila anachechemea, na shamba lake sasa analima mkewe.

Mimi? Mimi nilipandishwa cheo. Bosi aliniona mtu mwaminifu, eti nilihangaika na mgeni mpaka polisi.

Mwezi uliopita nilienda msibani Chinongwe, ndiko kwao Rehema. Nikamkuta anapepeta mahindi na wanawake wenzake. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyu ndiye aliyekula hela za mzungu." Rehema alisikia. Akaendelea kupepeta. Aliponiona akasimama, akanipa kiti chake, akasema, "Shikamoo dada." Nikaitikia marahaba, nikakaa kwenye kile kiti.

Na juzi Babu Piti ameniandikia. Anarudi baada ya masika kuimalizia ile safari. Anaomba nimtafutie pikipiki nyingine na nimkatie bima, maana huku hana mtu anayemwamini kama mimi.

Nikisema ukweli, kazi inaondoka, na kwa kuwa niliwadanganya polisi naogopa naweza kufungwa, mwanangu ana miaka sita na hana mwingine. Dada yangu, ambaye ndiye pekee anayejua, anasema, "Nyamaza, hayo yameshapita, utaamsha yaliyolala." Lakini kwa Rehema hayajapita. Kila akitoka nje ya mlango wa kwao, anatoka akiwa mwizi.

Msinionee huruma, nitukaneni mkitaka. Ila mkishamaliza kunitukana niambieni: nianze na nani, Rehema, Babu Piti, au polisi? Na nikifika mbele ya yule binti, neno la kwanza niseme nini?