Kusali Nyuma ya Mwana

Mtaani walimwita Bata, na si kwa sababu ya mwendo. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, anatembea wima kama mtu aliyemeza rula. Jina lilimjia kwa sababu ya maji. Ukiingia msikitini kabla ya swala yoyote, ungemkuta kwenye safu ya mabomba, kwenye kijiwe cha mwisho, mikono ya kanzu imekunjwa, anatawadha. Watu wangekuja, wangetawadha na kuingia ndani, wangekuja wengine, na yeye angali pale. Wakati mwingine imamu alitoa salamu na Bata ndiyo kwanza anaosha mguu wa kushoto. Wenye ndimi kali walimwambia tu, "Bata, kuchamba kwingi," kisha wakanyamaza kwa heshima ya nyumba ya Mungu, maana kila mtu anajua methali ile inakoishia.

Yeye hakukasirika. Moyoni aliwahurumia. Aliwaona wanavyojimwagia maji mbiombio kama wanaozima moto, akajiambia kuwa nusu ya watu hawa wanasimama mbele ya Mola wao na viwiko vikavu.

Msomaji asimcheke mapema. Dukani kwake mtu huyu alikuwa mwingine kabisa. Mteja angeleta kitambaa cha suti alichokitunza mwaka mzima, na fundi angekilaza mezani, akapitisha chaki, akashika mkasi na kukata moja kwa moja bila kusita. Kuna bwana harusi mmoja aliyefumba macho kwa woga wakati mkasi unapita. Fundi alimwambia afumbue, kazi imekwisha, na kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Angekuwa na moyo ule kwenye bomba, hadithi hii isingekuwapo.

Ugonjwa ulianzia dukani humo humo. Ijumaa moja, miaka mingi nyuma, alirudi kutoka msikitini akaketi kwenye cherehani, akaona kitu kinang'aa kwenye kidole gumba. Ilikuwa gundi ya kubandikia kola, imekauka pembeni mwa kucha. Maji hayapenyi gundi. Kwa hiyo udhu haukutimia, na kama udhu haukutimia, swala nayo haikuwa swala. Mtu mwingine angeibandua gundi, akatawadha upya, akarudia swala yake, yakaisha. Yeye alianza kujiuliza gundi ile ilikaa pale tangu lini. Akalipa swala za siku ile, kisha za wiki, kisha akaona heri alipe na za mwezi, na tangu hapo hakuiamini tena mikono yake.

Baada ya mikono ikafuata nia. Alisimama kwenye safu, akainua mikono, akasema Allahu Akbar, kisha akahisi nia haikukaa sawa, akasema tena, na tena, mpaka jirani yake wa kulia akapotea katika rakaa zake mwenyewe. Watu walipoanza kumkwepa alihamia safu ya nyuma, na mwishowe akawa anasali nyumbani, isipokuwa Ijumaa. Waja husema mficha maradhi kilio humfichua. Huyu maradhi yake aliyavisha kanzu, akayaita uchamungu.

Mke wake ndiye aliyejua gharama yake. Alijaza tangi asubuhi, na adhuhuri akikinga maji ya kupikia, bomba linakohoa tu. Alizoea kwenda kwa jirani na ndoo. Siku moja alimwambia mumewe, kwa upole, kwamba hata Mtume alitawadha kwa maji kidogo. Mume akamjibu kuwa Mtume alikuwa Mtume, na mke akaona mazungumzo yamekwisha.

Chumba cha nyuma alilala mama yake fundi. Kiharusi kilikuwa kimechukua upande wake wa kushoto, na moyo nao, daktari alisema, ulikuwa umechoka. Kando ya kitanda chake palikaa sinia lenye udongo mkavu wa kutayamamia badala ya maji, uliochekechwa vizuri. Ulipofika wakati wa swala aliupiga udongo kwa mkono wake mzima, akapaka uso, akapaka mikono, akaelekea kibla jinsi alivyoweza, akasali kwa kuinamisha kichwa. Akimaliza alibaki na vumbi kwenye paji la uso, na hakuna aliyethubutu kulifuta.

Mama huyu ndiye aliyemfundisha mwanawe dini, akiwa bado anampakata. Alimfundisha kumwamini Mwenyezi Mungu, na malaika wake, na vitabu vyake, na mitume wake, na siku ya mwisho, na kadari, heri yake na shari yake. Mtoto alizishika zote, akakua, akanunua vitabu, akampita mama yake kwa mbali katika sharti na nguzo na yanayobatilisha. Lakini kitu kimoja hakukipata, na mimi nakisema wazi kwa sababu ndicho kiini cha habari hii. Mama alimwamini Mungu kama mtu anayejua kwamba mwenye nyumba yumo ndani na anamtakia mema. Mwana alimwamini kama watu wanavyoamini kwamba mkaguzi yuko njiani.

Akaanza kumkagua na mama. Alisimama mlangoni akihesabu rakaa zake. Alimwambia hapa umeruka, hapa umesahau, rudia. Mama alirudia, mara nyingi, kwa kumpenda tu. Mpaka siku moja akachoka.

"Baba," alimwambia, "mimi siku hizi nasahau hata jina la jirani. Rakaa atanihesabia Mwenyewe."

Kisha, mwanawe akiwa bado amesimama mlangoni, akamwomba jambo. Marehemu mumewe alikuwa akimsalisha nyumbani miaka yote ya ndoa yao, na tangu afe alikuwa anasali peke yake. "Nataka nisali nyuma yako," alisema. "Hata mara moja. Nikifika huko niseme nilimzaa mtoto akanisalisha."

Fundi akajibu inshallah, ile inshallah ya kutafutia njia ya kutokea. Hakumwambia sababu. Aliyekuwa haamini hata udhu wake mwenyewe angebebaje swala ya mama yake shingoni? Kama kiwiko kimebaki kikavu, ataharibu mbili. Vitabu vyake vilimwambia kuwa udhu wa imamu ukiwa na dosari asiyoijua mtu, aliye nyuma yake hana lawama. Aliyasoma hayo na kuyakubali kwa watu wengine. Siku zikapita, mama akawa mwepesi kila ukimgeuza, na ombi lake likawa limening'inia katikati ya nyumba. Alilirudia, akalisema kwa tabasamu, na wote wawili walijua hana muda.

Hapo ndipo Bata alipokwenda kwa imamu. Alimkuta barazani msikitini anashona ukingo wa mkeka, vibaya sana kwa macho ya fundi, akamweleza yote bila kuficha. Imamu aliweka sindano chini.

"Fundi, leo adhuhuri ulitawadha?"

"Nilitawadha, shehe. Lakini kiwiko sina hakika nacho."

"Sijakuuliza kiwiko. Ulitawadha?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ndiyo yakini, na yakini haiondolewi na shaka. Simama usali." Imamu alimtazama kidogo, akaongeza taratibu, kama anayetoa mwiba. "Wewe unadhani imani yako ni kali kuliko yetu. Mimi naona unamdhania Mungu vibaya."

Fundi aliondoka amenuna. Njia nzima alimjibu imamu kichwani, na alimjibu vizuri. Lakini alipofika nyumbani aliingia chumba cha nyuma, akapiga moyo konde, akamwambia mama yake kuwa alasiri ile watasali pamoja.

Ungeona mama alivyofurahi. Alimwomba mkwewe ambadilishe nguo, amtolee ile nyeupe ya kusalia iliyokaa kabatini, amtengeneze mto ili kichwa kielekee sawasawa. Mkwewe alitandika mswala mbele ya kitanda, akafungua dirisha. Fundi akatoka uani kutawadha.

Alitawadha. Aliosha uso, akaosha mikono mpaka juu ya viwiko, akapaka kichwa, akaosha miguu. Akafika kizingitini. Pale kizingitini kisigino kikamwambia hukunigusa. Akarudi. Alipomaliza kisigino alihisi mpangilio umevurugika, akaanza upya. Akafika kizingitini mara nyingine, akakumbuka kwamba alipoosha uso hakunuia. Mkewe alisimama kwenye mlango wa jiko akimtazama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alisema kwa sauti yenye machozi, "Baba watoto, mama anakusubiri." Akajibu naja, naja. Alikuwa anasema kweli, alitaka kuja kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Bomba likakohoa. Akachukua ndoo akaenda kwa jirani.

Alipoingia chumbani mwishowe, mwanga wa jua ulikuwa wa njano na umepanda juu kabisa ukutani, jua likikaribia kuzama. Mama alikuwa amelala na nguo yake nyeupe, macho wazi, vumbi jipya kwenye paji la uso.

"Nimekusubiri, baba," alisema. "Jua likanitisha, nikasali."

Fundi alipiga magoti kando ya kitanda akalia kama mtoto, hakujali nani anasikia. Mama akaushika mkono wa mwanawe, uliokuwa umekunjamana kwa maji na baridi kama wa maiti, akauweka kifuani pake ili upate joto.

"Mungu si mteja mkorofi," alimwambia, "akurudishie nguo kwa uzi mmoja." Akapumzika. "Tutasali kesho, inshallah."

Kesho yake hakuamka na sauti. Macho yalikuwapo, pumzi ilikuwapo, maneno hayakuwapo. Mkwewe alimlowesha midomo kwa pamba, fundi akamtamkia shahada sikioni, na kidole cha mkono mzima kikatikisika juu ya shuka. Adhuhuri haikuadhiniwa yeye akiwa hai.

Majuto ni mjukuu, husemwa, na watu hulisema kwa wepesi kwa sababu mjukuu huyo huwa wa mtu mwingine. Bata alikaa uani wakati wanawake wanamwosha mama yake ndani, akasikia maji yanamwagwa kwa kata, polepole, na yanakwisha. Walimwosha wakamaliza. Hakuna aliyerudi kuanza upya, na mama yake alikuwa safi.

Jeneza lilifika msikitini alasiri, na baada ya swala ya faradhi watu wakabaki. Imamu aliuliza kwa desturi kama kuna wa familia atakayemsalia maiti, maana haki ni ya mwana. Aliuliza akitazama chini, kwa kumsitiri. Wote walijua jibu. Wengine walikwisha jipanga nyuma ya imamu.

Fundi alikuwa bado amekaa kwenye kijiwe chake pale mabombani, karibu na mlango, viatu kando. Alikuwa ametawadha. Kiwiko cha kushoto kilimwambia ni kikavu, na maji yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye vidole. Aliyatazama. Kisha alifunga bomba, akasimama, akapita katikati ya watu, na imamu akasogea pembeni.

Alisimama mbele ya jeneza, usawa wa kiuno cha mama yake. Mama alitaka kusali nyuma ya mwanawe, na sasa yuko mbele yake, na hakuna namna ya kumgeuza. Nyuma mtu mmoja alikohoa, wengine wakahamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine, wamejiandaa kusubiri.

Akainua mikono. "Allahu Akbar."

Papo hapo shaka ikaja, ikamwambia hukunuia, rudia. Mikono yake ilikwisha shuka kifuani, ikataka kupanda tena. Akaanza kusoma Alhamdu. Akapiga takbiri ya pili, akamsalia Mtume. Akapiga ya tatu, pale maiti anapoombewa, na ulimi ukakwama.

Alikuwa anatakiwa kumwombea mama yake msamaha na rehema, na hapo akajiuliza ni nani huyo anayemwomba. Kama Mungu ni yule ambaye yeye alikuwa akimwogopa kwenye bomba miaka yote, anayekaa kuvizia kisigino, basi mwanamke huyu hana tumaini. Rakaa zake alizisahau, udongo aliupaka kwa mkono mmoja, kichwa alikiinamisha nusu. Hakuna swala yake hata moja ya miaka ile ingepita kwa mkaguzi wa namna hiyo. Na Bata alijua, kwa hakika ambayo hakuwahi kuipata juu ya kiungo chochote cha mwili wake, kwamba mama yake amepokewa. Basi mpokeaji ni Mwingine. Alikuwa akimtaja kila siku kwa jina la Rahmani, Mwingi wa Rehema, na hakuwahi kumwamini kwa jina hilo.

Takbiri ya nne ilikuwa imechelewa, na safu nzima ilidhani amekwama kwenye wasiwasi wake. Imamu alijikohoza ili amsaidie. Fundi hakusikia. Alikuwa anaomba kimyakimya, midomo inatikisika, machozi yanaingia kwenye ndevu, anaomba kwa neno moja moja na kila neno analipa nafasi yake.

Akapiga takbiri ya nne. Kiwiko kilikuwa bado kinamwambia ni kikavu. Akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, na hakurudia.