Kitambaa Cheupe cha Nesi Damari

Damari binti Nathanaeli hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alikuwa mfupi, mkavu wa maneno, na alipita kati ya vitanda bila kusalimia. Kwetu Iramba mtu asiyesalimia ana walakini, na nesi asiyesalimia ni tusi la waziwazi. Wazee walimshtaki kwa Bwana Antipasi, dresa mkuu, yaani mganga msaidizi aliyeiongoza zahanati yetu ya misheni, naye Antipasi, aliyependa amani kuliko dawa, alimwita mara mbili akamwonya. Mimi nilikuwa nikipika uji wa wagonjwa, na nilimwona mkaidi tu.

Sababu yake niliijua, ila niliidharau. Mwaka 1951, akiwa mgeni kazini, alimzalisha mwanamke aitwaye Mboni. Kila alipopita alimuuliza, "Hujambo?" na Mboni akajibu, "Sijambo." Angejibu nini? Salamu hujibiwa kwa uzima kwanza, shida husemwa baadaye. Na mzazi mbele ya mama mkwe wake shida haisemi kabisa, huimeza. Mboni alikuwa amelalia kaniki yake, nguo nyeusi ya kila siku, na damu kwenye kaniki haionekani; utadhani imelowa maji. Saa tatu alisema hajambo, saa nne akasema hajambo, saa tano hakujibu. Watu husema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio cha siku ile bado nakisikia.

Tangu hapo Damari aliacha kuanza na salamu. Alianza na mkono: vidole kwenye mshipa, macho kwenye saa, ndipo shikamoo ifuate. Na kila mwanamke aliyejifungua alimtandikia kitambaa cheupe cha marekani apate kuiona damu. Hapo ndipo ugomvi ulipokolea, maana marekani ndiyo tunayozikia watu.

Asubuhi moja ya mwaka 1953 aliletwa Elina, mke wa Simeoni, pamoja na mama mkwe wake Theresia, mwanamke mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe. Mtoto alitoka salama kabla uji haujaiva. Damari akaja na kitambaa chake, akashika kwanza mshipa wa Elina, ndipo akamgeukia Theresia.

"Shikamoo, mama. Naomba nimtandikie."

"Marahaba. Hiyo si sanda? Mke wa mwanangu yu hai, nawe unamletea sanda? Ondoa!"

Antipasi akamvuta Damari mlangoni. "Kiondoe, nesi. Wakitangaza huko kwamba tunawavika sanda, nani atakuja kuzalia hapa? Amejifungua vizuri, mwache alale."

Na neno lake lilikuwa na maana. Mwezi ule wanawake watatu walikuwa wamebaki kuzalia nyumbani kwa kukiogopa kitambaa hicho. Mimi nilikuwa upande wa Antipasi, na nilisema hivyo kwa sauti.

Damari alikikunja kitambaa, lakini hakuondoka. Aliketi ukingoni mwa kitanda akashika mkono wa Elina. Alihesabu mapigo tisini. Baada ya muda akahesabu mia na kumi. Nilipoleta uji Elina aliukataa, akaomba maji. Alipokwisha kunywa akaomba tena. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Elina, u hali gani?" Theresia akauliza.

"Sijambo, mama."

Theresia akamgeukia Damari. "Umesikia?"

"Nimesikia," Damari akajibu. Akaifungua aproni yake ya kazi, nyeupe, akaisukuma chini ya mgonjwa bila kumwomba mtu ruhusa. Akangoja kidogo, akaivuta. Nusu nzima ilikuwa nyekundu. Theresia aliiona, akashika mdomo.

Damari alikandamiza tumbo la Elina, akawa analisugua hadi kizazi kikaze, huku akiniamuru mimi nimweke mtoto kwenye titi. Kisha akamwita Antipasi alete sindano ya kukaza kizazi. Antipasi akasimama na funguo mkononi, akasema sindano ile haitolewi bila idhini ya daktari.

"Daktari anakuja Alhamisi," Damari akasema. "Huyu hana Alhamisi."

Antipasi alifungua kabati. Sindano ikachomwa, na mkono wa Damari haukuondoka tumboni hadi adhuhuri, damu ilipokatika. Uji wangu uliungua wote, wala sikujali. Niliona aibu, na nilistahili kuiona.

Siku ya tatu Elina aliweza kuketi. Damari alingoja Theresia aende kufua, ndipo akamsogelea.

"Elina, siku ile ulipomjibu mama kwamba hujambo, ulikuwa unajisikiaje?"

Elina alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Nilijua nakufa, nesi."

"Mbona hukusema?"

"Mama alikuwa amekaa pale. Ningesemaje?"

Damari alijibwaga kitandani, akalitaja jina la Mboni, akalia mbele ya mgonjwa, jambo lililokatazwa kabisa kazini. Elina akadhani amemkosea, akamwomba msamaha.