Betri Nilizoziita Vitabu vya Nyimbo

Niliondoka kwa sababu ya kiburi, niseme ukweli mapema. Betri mbili za kanisa letu hapa Base Camp, kambini Nakivale, zilikuwa zimechoka, vipaza sauti vinakata katikati ya wimbo, na fundi wa vyombo ni mimi. Nikasimama mbele ya kwaya nikatamba: "Jumapili mtasikika mpaka ng'ambo ya ziwa!" Mzee wa Biharwe, kule mbele ya Mbarara, anayepokea betri kuukuu na kutoa mpya alikuwa amenipa masharti kwa simu. Zisafiri zimesimama wima, vifuniko vimekazwa, vichwa vyake vimefunikwa kwa mpira visiguse chuma, zifungwe zisicheze, tena zisipande gari moja na watu. "Ngoja lori la mizigo," alisema. Lori lilikuwa la Jumatatu. Nami Jumapili yangu nilishaitangaza.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilifika stendi na sanduku la mbao nililolipigilia misumari. Dereva, Mnyankore aitwaye Tumwine, ananifahamu kwa kuimba.

"Mwimbaji, hii nini ndani?"

"Vitabu vya nyimbo."

Lo! Hata sikumeza mate. Tumwine akalinyanyua, akaguna. "Banange! Nyimbo yenu mzito sana. Lakini kitabu ya Mungu hapana kaa nyuma na makaa." Kwa heshima akaliingiza ndani, chini ya kiti, na kwa kuwa halikuenea likiwa wima, akalilaza ubavu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Usililaze." Lakini vitabu gani haviwezi kulala? Nikanyamaza, na kosa langu kubwa lilifanyika pale, gari halijatoka hata hatua moja.

Mama Riziki akaketi kando yangu. Ni mama wa Uvira, anakaa karibu na kisima chetu, na siku hiyo alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu. Zahanati moja ya Mbarara ilikuwa inatafuta muuguzi, ikamwita aje na diplome yake, cheti chenyewe, si nakala.

"Tangu nifike kambini minalimaka tu shamba ya batu," aliniambia. "Leo Mungu amenikumbuka." Akatia mfuko wake wa kitambaa sakafuni, ukigusana na sanduku. "Wacha ikae karibu na bitabu ya kanisa, pengine baraka itanifikia."

Nikacheka naye. Ndiyo, nilicheka.

Kwenye milima ya Isingiro gari liliruka mashimo, na migomba ikapita pande zote mbili. Baada ya Kabingo nikasikia harufu kali ikinikwaruza koo. Niliijua: asidi ya betri. Nikafungua dirisha, nikajiambia ni moshi.

Tulipoanza kuona mabati ya Mbarara, Mama Riziki aliingiza mkono mfukoni atoe bahasha. "Yo! Mukono yangu! Inaniunguza!"

Tumwine akasimamisha gari, akalivuta sanduku. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye pembe. Alinitazama mara moja tu. "Mwimbaji, hii hapana kitabu." Kisha akachukua jerikeni lake, akaumwagia mkono wa mama maji mengi, hadi tone la mwisho. Ngozi ilikuwa nyekundu, lakini haikuchubuka. Karatasi ndiyo iliyokwisha. Ilikuwa kahawia, ikimegeka kama mkate uliolowa, na mahali pa jina lake na muhuri palikuwa tundu.

"Niliivukaka nayo mupaka," alisema polepole. "Nilifungaka mu tumbo, chini ya mutoto."

Nikalihamisha sanduku nyuma, penye makaa.

Mbarara, zahanatini, nilisimama mlangoni kama kuku aliyenyeshewa. Mkuu wa wauguzi alimsikiliza kwa upole, akasema badala ya diplome atapokea sahihi za watu wawili waliosoma na mama, kabla ya mwezi kwisha. Mama alimshukuru, akafunga mkono wake kwa leso.

Biharwe nilifika na bodaboda ya mizigo, sanduku limesimama wima sasa, limefungwa kamba. Mzee akalimwagia magadi ya kuua asidi, povu likapanda. "Nilikuambia nini?" Betri mpya zilibaki kwake, zije na lori Jumatatu.

Jioni tulirudi na Tumwine. Karibu na kambi, Mama Riziki akanigeukia.

"Ndugu, uniandikie barua. Useme uliionaka diplome yangu ikiwa nzima."

Jamani! Uongo mmoja tu, nami ningemsaidia. "Mama, sikuiona."

Akaikaza leso mkononi. "Asubuhi ulishindwa kusema ukweli. Sasa njo umejua kuusema." Kisha akasema, "Basi andika ile unajua."

Ndiyo haya. Sasa najua masharti yale hayawekwi kwa ajili ya betri. Yanawekwa kwa ajili ya mtu aliyeketi kando yake. Jumapili tuliimba bila vipaza sauti, na nikayasoma haya mbele ya kanisa zima. Naomba yasomwe pia katika makanisa mengine ya Nakivale. Yeyote aliyesomea uuguzi Uvira akamjua Mama Riziki, ajitokeze. Wa kunilaumu nitawangoja nyumbani, siendi popote. Lakini anzeni kwake. Sahihi tuliyopata ni moja, na mwezi umebaki siku nne.