Siri ya gari letu kuwa zito

Kwa miaka mitatu nimewaficha wanangu kwa nini gari letu lilikuwa zito.

Daktari amenishauri nisiahirishe mambo, kwa hiyo naandika leo.

Asubuhi binti yangu Rehema alinipeleka kwa fundi Juma, Buzebazeba. Rehema hata salamu hakutoa.

"Tangu ulishike hili gari, ukikanyaga mafuta linafikiria kwanza! Ufundi ulijifunzia wapi?"

Wateja wakacheka.

Juma alinitazama mara moja tu, akasema, "Samahani, dada."

Akaunganisha kompyuta yake na ile ya gari, akarekebisha jinsi injini inavyoitikia pedeli. Mimi na Rehema tukapanda mlima wa kuelekea Kidahwe. Gari likaitika palepale!

"Baba, kumbe alikuwa anatuharibia makusudi!"

Nikamwomba asimamishe gari.

Nisemeni hapa chini, ni haki yenu. Ila kwanza mshukuruni Juma, aliyebeba lawama zangu bila kunitaja. Asante sana, Juma.

Mimi ndiye niliyemwomba alipunguzie gari nguvu, kwa siri, kwa sababu mguu wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, sijui nimekanyaga mafuta kiasi gani, na sikutaka kuacha kuwapeleka wajukuu shule.