Usiipime Ikiwa Imelala

Baba alinipa pikipiki yake mwaka ambao magoti yake yaligoma kuipanda. Ni pikipiki kubwa ya silinda moja, ya kwenda lami na matope, na ikiwashwa hutoa sauti ya trekta, ndiyo maana huku kwetu Kakamega watu huiita tinga. Baba aliitumia kwenda kupandisha ng'ombe tangu nikiwa sijui kusoma. Mimi ndiye niliyefuata kazi yake, ya kubeba mbegu za madume kwenye mtungi wa gesi baridi na kufika kwa mkulima kabla joto la ng'ombe, yaani hamu yake ya kupandwa, halijapita. Hata hivyo, kaka yangu mkubwa alikuwa na hakika kwamba tinga ni yake. Alipoikosa alinuna msimu mzima wa mahindi.

Siku ya kunikabidhi, Baba hakuwa na maneno mengi. Aliniambia nisiikimbize ikiwa baridi, nisiitilie petroli ya kwenye chupa za barabarani, kisha akasema, "Na oili, usiipime ikiwa imelala." Nikajibu, "Sawa, Baba." Nilimwelewa vizuri kabisa. Pikipiki iliyoegemea stendi yake ya pembeni imelala, kila mtu anajua hivyo, na ukiipima katika hali hiyo oili hukimbilia upande mmoja na kijiti kinakudanganya.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, niliitoa kwenye stendi nikaishikilia wima kwa nyonga. Nilifungua kifuniko kilicho karibu na usukani, nikafuta kijiti, nikakitumbukiza na kukitoa tena. Hivyo ndivyo wanavyofanya wenye bodaboda wote mjini: wanapima asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla ya abiria wa kwanza. Nilijiona fundi.

Mwanzoni kijiti kilitoka na oili hadi kwenye alama. Baadaye kikaanza kutoka na oili chini kidogo ya alama, nami nikaongeza. Ikafika wakati kinatoka kikavu karibu kila asubuhi, nami nikawa natembea na chupa ya oili kwenye begi, pamoja na glavu ndefu za kazi. Kisha moshi ukaanza. Moshi wenyewe ulikuwa wa buluu, mzito, wa kukaa nyuma yangu barabarani kama ninayefuatwa na jambo. Watoto wa shule waliziba pua nilipopita. Plagi ikawa inachafuka, tinga inazima katikati ya mashamba ya miwa kule Navakholo, na mkulima ananipigia simu kwamba ng'ombe anapanda wenzake, niko wapi.

Niliipeleka kwa fundi wa nyuma ya soko, ambaye nusu ya bodaboda za mji zimepita mikononi mwake. Aliniambia niiache ilale hapo ili aipime asubuhi ikiwa imetulia. Nilipomrudia alikuwa ameshika kijiti kikavu.

"Daktari, hii inakunywanga oili," alisema, kwa jina ambalo huku kwetu hupewa kila mpandishaji ng'ombe. "Ringi za pistoni zimeisha. Na silinda yenyewe nadhani imepanuka."

"Basi fungua uone."

"Nikifungua nisipate saizi yake hapa Kakamega, nitafungaje?"

Nilirudi nyumbani polepole, moshi ukinisindikiza, na kusema kweli nililia ndani ya helmeti. Tinga ilikuwa imembeba Baba miaka yote ile bila kufunguliwa injini. Mimi nimeishika muda mfupi tu na tayari nimeiua. Hilo ndilo lililoniuma. Pikipiki nyingine ya kwenda kazini ningeipata, hata ndogo, wenzangu wengi wanazo. Lakini Baba aliwaruka wanawe wa kiume akaniamini mimi, na sasa ningekuwa ushahidi kwamba alikosea.

Kaka yangu hakuchelewa kuona hivyo. Alikuja nyumbani akiwa na uso wa matanga.

"Umeiua," akasema. "Nilisema. Mwanamke na injini kubwa hivi!"

Moshi wote ule ulikuwa upande wake. Yeye alikuwa na rafiki anayenunua pikipiki zilizochoka, anazikata na kuuza vipande. Wakakubaliana aje Jumamosi. Baba aliposikia aliendelea kupukuchua mahindi, kisha akasema kama imekufa, basi ichukuliwe. Hakunitazama. Sikumwuliza chochote wala sikumweleza chochote, kwa sababu nami nina kiburi changu, na nilikuwa naona aibu.

Katikati ya wiki hiyo niliitwa Lubao, nilikofanya kazi yangu kwa ng'ombe mmoja mkorofi aliyenikanyaga mguu. Nilipotoka na kusimama karibu na soko la mifugo, vijana wa bodaboda waliokuwa kivulini walinilaki kwa shangwe.

"Daktari! Unafukuza mbu ama unapika?"

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo mguu uliniuma, Jumamosi ilikuwa inakaribia, nami nikawaka. Niliwaambia injini imekauka, ndiyo maana, na kama wanajua kucheka waje wajue pia kuangalia. Nikaishikilia wima hapo hapo, imetoka tu kuzimwa, inatoa joto la kuchoma mapaja. Nikafungua kifuniko, nikachomoa kijiti kwa hasira niwaonyeshe ukavu wake.

Oili ilitiririka hadi vidoleni. Ilikuwa imepita alama ya juu kabisa, mbali sana.

"Haa, hii imejaa mpaka inamwagika," mmoja wao akasema. "Nani amekujazia hivi?"

Nani tena? Mimi mwenyewe, asubuhi ile ile, kwa sababu kijiti kilikuwa kikavu. Nilisimama pale nikiwa na oili mkononi, nao wakaacha kucheka wakidhani nimeungua. Oili iliyokosekana alfajiri ilikuwa imerudi saa ya mchana. Kama injini ilikuwa inaila, imeitapika vipi?

Ndipo neno la Baba likanigeuka kichwani. Kulala. Hakusema ikiwa imeinama. Hakusema ikiwa iko kwenye stendi. Alisema ikiwa imelala, kama mtu anavyolala, usiku mpaka asubuhi.

Nilifika nyumbani sijui kwa njia gani. Baba alikuwa uani. Nikamwuliza bila hata salamu, "Baba, oili ya tinga unaipimaga saa ngapi?"

Akanishangaa. "Nikifika. Nikishazima tu. Si nilikuambia usiipime ikiwa imelala?"

"Nilidhani imelala kwenye stendi!"

"Ikilala kwenye stendi?" Alinitazama, akaitazama tinga, kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha kukohoa mpaka nikampigapiga mgongo. Alipopata pumzi akanieleza. Bodaboda huweka oili chini, tumboni mwa injini, nayo inabaki huko huko usiku na mchana. Tinga huweka yake juu, ndani ya bomba la fremu karibu na usukani, na kuna kivali kidogo cha kuizuia isishuke injini ikizimwa. Kivali chake kimezeeka. Usiku kucha oili hutiririka ikashuka chini, na asubuhi ukipima juu unakuta hakuna kitu. Ukiwasha, inapandishwa tena mahali pake. Mimi nilikuwa naongeza juu ya oili ambayo ipo, kila asubuhi, na ile ya ziada ikawa inasukumwa kwenye kichujio cha hewa na kuchomwa. Moshi wote ule ulitoka kwenye chupa yangu.

"Sasa mbona hukuniuliza mapema?" nikasema, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

"Nilisikia imekufa," akajibu. "Nami nikaamini. Nilijua ni nzee. Sikutaka kukuuliza uone kama nakulaumu."

Basi tulikuwa wawili wenye kiburi katika boma moja. Niliketi chini kwenye maganda ya mahindi, nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Hata hivyo bado hatukuwa na hakika. Huenda ringi zilikuwa zimeisha kweli, na Baba hakutaka kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tulipunguza oili hadi alama, nikaosha kichujio ambacho kilikuwa kimelowa chapachapa, nikaweka plagi safi. Siku iliyofuata nilienda nayo kila mahali nilipoitwa, kwenye barabara za murram, kwenye vilima, hata kwenye lami, ambako hizi silinda moja kubwa zikikimbizwa hupunguza oili hata zikiwa nzima. Niliiendesha kwa woga, nikigeuka nyuma kila mara kutazama. Moshi ulitoka kwa muda, masalio ya ujinga wangu, ukapungua, ukakatika. Kila niliposhuka nilipima moto moto. Oili haikushuka kwenye kijiti. Nilipomwonyesha Baba jioni alikishika, akakitazama pande zote mbili, akanirudishia.

Jumamosi rafiki wa kaka alikuja na pikapu akaiegesha langoni. Kaka alikuwa amekwisha kutoa viti uani. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari mpya, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwandalia maneno yangu makali, nimeyafanyia mazoezi tangu alfajiri. Nilikuwa nangoja tu zamu yangu.

Mnunuzi alimsalimia Baba kwa heshima. "Mzee, nimekuja kwa ajili ya pikipiki yako."

"Pikipiki gani?"

"Si hiyo hapo?"

"Hiyo si yangu," Baba akasema. "Nilishaitoa. Ukitaka kununua, ongea na mwenyewe."

Mnunuzi akamgeukia kaka yangu akitabasamu, kama ambavyo mtu yeyote wa huku angefanya. Kaka alifungua kinywa. Baba hakungoja. Alinielekeza kwa kidevu, mimi niliyesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mwenyewe ni huyo. Na injini yake ni nzima."

Yale maneno yangu makali yote yaliniishia. Nilitafuta hata moja nisilipate, na macho yalikuwa yananisaliti mbele ya mgeni. Nikasema tu, "Haiuzwi," sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto. Halafu simu ikalia, mama mmoja wa Navakholo, ng'ombe wake amelia tangu asubuhi. Nikafunga mtungi nyuma ya tinga, nikavaa helmeti, nikapiga kiki. Iliwaka mara moja. Nilipofika nayo langoni nikakuta pikapu imeziba njia, na kaka yangu akamgusa rafiki yake begani.

"Toa gari," akamwambia. "Mwache apite."