Baba yangu alikalia majembe ya kaburi kwenye msiba wa watu waliotaka tufukuzwe Masaki

Wakuu, habari za jioni.

Leo sikuja kubishana na mtu. Nimeleta jambo lililotokea nyumbani kwetu, nami nilikuwepo. Chumvi sitatia, na pale ambapo sikuona kwa macho yangu nitasema sikuona.

Nimechokozwa na ule uzi wa juzi wa wakulima na wafugaji. Mlitukanana mle mpaka nikazima simu. Wengi wenu naona ng'ombe mnamjua akiwa kwenye supu tu.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni karani wa ofisi moja hapa Kibaha, nakaa Tangini, nina mapacha, kwa hiyo mtaani naitwa Mama Kulwa. Ni Msukuma.

Tangini kwetu ni kama nchi ndogo. Kushoto kwangu Mpare, kulia Mmakonde, nyuma Mhehe, na mwenye duka msiniulize kabila, mnalijua. Kwenye ulinzi shirikishi hakuna anayekuuliza umetoka wapi, unaulizwa zamu yako lini. Tunaelewana kwa sababu sote ni wa kuja.

Shida huanza pale ambapo mmoja ni wa kuja na mwingine ni mwenyeji.

Hapo ndipo alipokuwa Baba yangu.

Baba, Mzee Ng'wandu, alishuka Pwani na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita baada ya malisho kuisha kwetu. Akazunguka, mwisho akatulia Masaki. Naongelea Masaki ya Kisarawe jamani, ya mihogo na mikorosho. Ile nyingine ya maghorofa Baba haijui na haimhusu.

Mwanzoni watu walimpokea vizuri. Alinunua eneo mbele ya serikali ya kijiji, akajenga, akachimba lambo. Maziwa majirani wakawa wanapata.

Halafu wafugaji wengine wakaja. Wengine walikuwa na makundi makubwa na adabu ndogo. Ukame ulipoingia, ng'ombe wakaanza kuingia mashambani kwa watu. Na mtu akiamka akakuta muhogo wake umelala chini hasomi chapa ya ng'ombe. Anasema "Wasukuma".

Baadaye na wizi ukaanza. Korosho zikipotea ghalani, Wasukuma. Pikipiki ikiibwa, Wasukuma. Vijana wakaanza kutembea na mapanga, mgambo wakaongezwa, na sokoni mama yangu akawa anapimiwa vitu bila kusalimiwa.

Aliyekuwa mbele kwenye haya yote ni Mzee Kibwana. Mzaramo, mwenye shamba linalopakana na la Baba, sauti kama ya spika. Na nisiwe mwongo, alikuwa na haki ya kukasirika. Ng'ombe wa Baba, wa Baba kabisa wala si wa jirani, waliwahi kuvunja ua na kula muhogo wake robo shamba. Baba alifidia, lakini moyo wa mtu haufidiwi kwa siku moja.

Mzee Kibwana akasimama kwenye mkutano wa kijiji akasema wageni wote wenye mifugo waondoke, warudi kwao. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema jambo hilo litaamuliwa mkutano unaofuata.

Nilimpigia Baba simu. Nikamwambia kama ni hivyo uza ng'ombe, njoo Kibaha, kuna viwanja Pangani yetu ya huku huku Kibaha, utafuga kuku.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Mama Kulwa, mimi siogopi kuhama. Nimehama sana. Naogopa kitu kimoja. Nikifa hapa, nani atashika jembe? Hawa hawatanichimbia. Mtanipakia kwenye gari kama gunia mnirudishe kwa watu ambao hata sura yangu wameisahau."

Wakuu, maneno yale yaliniuma. Nilikuwa ofisini, nikaenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kukaa.

Mkutano ulipokuwa umekaribia, mama yake Mzee Kibwana akafariki. Bibi Siwema, ajuza kweli, alikuwa ameona vitukuu.

Mama akanipigia kwa wasiwasi. Baba anataka kwenda msibani na kila mtu anamkataza. Vijana wa pale walishasema wakimwona Msukuma karibu na nyumba ile watamuonyesha. Mama akaniomba nije nimzuie.

Asubuhi yake nikaomba ruhusa, nikafika Kisarawe mjini, nikachukua bodaboda hadi Masaki. Nikamkuta Baba ameshaoga, amevaa koti lake la harusi za watu, fimbo mkononi.

Nikamwambia, "Baba, shikamoo. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nakwenda kumzika mtani wangu."

"Baba, watakupiga."

"Mtani hapigwi msibani," akasema, akatoka.

Hapa niwaeleze vijana kidogo, maana najua wapo wanaodhani utani ni kurushiana vijembe vya Simba na Yanga.

Sisi watu wa kule bara na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Wazee wetu walikuwa wanabeba mizigo kwa miguu hadi pwani, wanapita kwenye nchi ya Wazaramo. Kwao wale wa zamani, Msukuma na Mnyamwezi wote ni Mnyamwezi tu. Na mtani kwenye msiba ana kazi yake. Anamtania marehemu, anawachokoza wafiwa, anazuia mazishi mpaka apewe faini. Akishapewa, yeye ndiye wa kwanza kufanya kazi. Haruhusiwi mtu kumkasirikia.

Haya mimi nilikuwa nayasikia tu. Kuyaona, sijawahi. Na vijana wa Masaki nao, kama mimi, hawajawahi.

Basi nikafunga khanga, nikamfuata. Nikaingia upande wa wanawake nikakaa kwenye mkeka barazani. Hakuna aliyenisogelea. Pembeni yangu alikuwa ajuza mwingine mdogo mdogo, amejikunja, macho yamezama. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Baadaye ndipo nikajua ni Bi Chausiku, mdogo wake marehemu.

Uani wanaume walikuwa wanajiandaa kwenda kuchimba. Majembe, sururu na makoleo yameegemezwa kwenye mkorosho. Mzee Kibwana amekaa kwenye kiti, kichwa chini.

Baba akaingia.

Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkorosho, akayachukua majembe yote, akayalaza chini, akayakalia.

Watu wote uani wakageuka kumtazama.

Kisha akasema kwa sauti, "Hapachimbwi kitu leo. Bibi gani huyu mvivu? Jua limeshapanda, yeye amelala. Mwamsheni akapalilie muhogo, ng'ombe wangu wana njaa."

Wakuu. Muhogo. Kati ya maneno yote ya Kiswahili, Baba yangu alichagua muhogo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kijana mmoja akanyanyua panga, sikuona ameliokota wapi. Mgambo wawili wakamsogelea Baba kulia na kushoto. Mzee Kibwana akasimama. Baba mwenyewe amekaa tu, anatoa tumbaku mfukoni.

Nikajua leo nazika wawili.

Hapo ndipo nikasikia mtu pembeni yangu anacheka. Kicheko chembamba cha mtu asiye na meno. Ni Bi Chausiku.

Akajishikilia begani kwangu, akanyanyuka, akatoka hadi ukingo wa baraza. Akamwambia Baba, "We Mnyamwezi mwenye miguu kama mpini, umefuata ubwabwa. Hukuja kuzika wewe, umesikia harufu ya sufuria."

Baba akajibu, "Nimekuja kuhakikisha amekufa kweli. Wazaramo mnaweza kujilaza ili mkwepe kulima."

Akina mama wawili watatu wa umri mkubwa wakaanza kucheka huku wanafuta machozi. Mmoja akachota maji akamrushia Baba kotini. Vijana wanatazamana, yule mwenye panga hajui aliweke wapi.

Bi Chausiku akawageukia mgambo. "Muacheni. Zamani hapa mtu wa maana hakuzikwa bila mtani. Mama zenu wamezikwa kama paka, kimya kimya, kwa sababu hamjui kitu. Leo dada yangu amepata mtani wake, nyie mnamletea mapanga."

Mzee Kibwana akasema, "Mama mdogo, huyu mtu amekula shamba langu."

"Najua. Na wewe ni mjukuu wa nani?"

"Wa Athumani."

"Athumani alizaliwa wapi?"

"Hapa hapa."

Bi Chausiku akatikisa kichwa. Wakuu, na yanayofuata nayaandika kama alivyoyasema, mbele ya watu wote.

Alisema, "Baba yetu hakuzaliwa hapa. Alikuja enzi za Mjerumani, kijana, mzigo kichwani, kutoka huko huko anakotoka huyu. Mguu ukamuoza kwa kidonda, wenzake wakamwacha njiani wakijua amekwisha. Watu wa Masaki wakamchukua, wakamuuguza, wakampa mke. Wakati ule mtu wa mizigo alikuwa anaitwa mtumwa, basi akachukua jina la Athumani na habari za kwao akazizika. Mama alituambia funika kombe, mkiulizwa semeni sisi ni wa hapa. Tumesema hivyo maisha yetu yote. Siwema amekwenda na siri hiyo. Mimi nimechoka kuibeba peke yangu."

Akarudi mkekani. Akakaa pale pale karibu na mimi, akanishika mkono kana kwamba tulikuja pamoja.

Nilimwangalia Mzee Kibwana usoni. Hasira ilikuwa bado ipo, ila ilikuwa kama haijui imwangukie nani. Kisha akageuka, akazunguka nyuma ya nyumba.

Nikadhani amekwenda kuleta kitu kibaya.

Alirudi na shina zima la muhogo, amelingʼoa kwa mikono, udongo bado unadondoka. Akalitupa miguuni kwa Baba.

"Faini yako hiyo. Chukua, maana hata nisipokupa utakula."

Uani wakaangua kicheko. Hata mgambo mmoja akageuka pembeni kuficha meno. Na Mzee Kibwana naye akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, akamlilia mama yake pale pale amesimama. Nadhani alikuwa hajalia tangu msiba ulipoanza.

Baba akainuka. Akavua koti, akanipa ishara nije nilichukue. Akashika jembe, akamwambia yule kijana wa panga, "Haya, twende, wewe una nguvu." Wakaondoka pamoja kwenda makaburini. Huko wanawake hatukwenda, kwa hiyo siwezi kusimulia, ila nilisikia kwamba Baba alichimba mpaka wakamnyang'anya jembe apumzike.

Ubwabwa alikula sahani mbili. Bi Chausiku alikuwa sahihi.

Mkutano ulifika. Sikuhudhuria, nilikuwa kazini, Mama ndiye aliyenisimulia. Watu walimsubiri Mzee Kibwana aongoze kama kawaida. Akasimama, akasema, "Mimi neno mgeni nimeliacha, maana limenigeukia. Wanaolisha kwenye mashamba ya watu kwa makusudi tuwachukulie hatua mmoja mmoja, kwa jina. Huyu Ng'wandu ni mtani wangu, nitagombana naye mwenyewe."

Wakatengeneza njia ya mifugo ya kupita bondeni mpaka kwenye malambo. Wawili waliokuwa wanalisha makusudi wakapewa adhabu, na Baba alikuwa upande wa kijiji. Na zile korosho? Wezi walipokamatwa walikuwa mchanganyiko safi, kila kabila lilituma mwakilishi.

Msidhani sasa ni peponi. Mwezi uliopita ndama wa Baba alipenya tena. Mzee Kibwana alimpigia simu akamtukana mpaka salio likaisha, kisha akampigia tena kwa simu ya mkewe kumalizia. Baba amepanda minyaa mpaka wote, ua umeshonana vizuri.

Mwaka huu Baba aliumwa sana malaria. Nikakimbilia Masaki, nikamkuta amelala barazani chini ya blanketi, na kwenye kigoda karibu na miguu yake amekaa Mzee Kibwana, anamenya chungwa.

Nikamsikia anamwambia, "Mnyamwezi, usife kabla ndama wako hajanilipa muhogo wangu. Na ukifa, ujue majembe nitayakalia mimi. Nitakaa mpaka wanao wanipe dume la ng'ombe, na nitakusema mbele ya watu mpaka uone aibu humo ndani ya sanduku."

Baba alikuwa na homa kali, lakini alitabasamu. Alipoondoka mwenzake, akaniita nisogee.

"Mama Kulwa. Ile habari ya gari la kunirudisha kwetu, iacheni. Nimepata mtu wa kunizuia."

Alipona, ng'ombe wanaendelea, na mimi stresi zimepungua. Mwisho wa mwezi huwa naenda kuwasikiliza wakitukanana, na nafurahi kuliko kwenda harusini.

Nilichojifunza ni hiki. Wazee wetu walijua kwamba watu wa makabila tofauti watakosana tu, wakaacha mlango wa kupitia siku mkikosana. Sisi tumeongeza mapanga na mgambo, mlango wenyewe tumeusahau. Na kabla hujamwambia mtu arudi kwao, kamuulize kwanza bibi yako mkubwa kuliko wote, faragha, akiwa bado yupo.

Wenye visa vya utani vya kwenu vileteni hapa, matusi ya kabila yapumzike leo. Na mnijibu hili moja, hasa nyie mnaoishi mbali na kwenu kama mimi: huko mliko, siku yenu ikifika, nani atayakalia majembe?