Taa za Isidori na Paa la Bibi Eufrasia

Katika Tlawi ya wakati ule hakuna aliyemwita Isidori Akonaay kwa jina lake. Aliitwa Dereva, na ukisema Dereva hakuna aliyeuliza yupi, maana kijiji kizima kilikuwa na lori moja na mtu mmoja wa kuliendesha. Kazi hiyo alijifunza kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, akianza na trekta. Vijiji vya ujamaa vilipoanza na Tlawi ikapata lori, aliitwa arudi nyumbani. Mama yake alilia kwa furaha. Akakata ukanda wa ngozi ya mbuzi, akautungia ufunguo, akamvika mwanawe shingoni.

Ufunguo huo nusura aupoteze mwaka wa sabini na sita, na sababu ilikuwa balbu.

Balbu za zamani za taa za mbele za lori ziliungua mvua zikiwa zimepamba moto. Isidori akaenda Mbulu mjini, kwenye duka la vipuri la Patriki, ambaye alikuwa fundi kabla ya kuwa muuza duka. Akaziona balbu nyeupe za wati mia, macho yakamtoka.

"Hizo ni za wenye barabara kavu," Patriki akamwambia. "Kwenu ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Chukua za kawaida."

"Ndugu Patriki, giza la Tlawi unalijua?"

"Ninalijua, shemeji. Nimeoa huko."

"Basi nipe hizo kali. Anayeshika usukani ni mimi."

Patriki akacheka, akamfungia.

Siku ya tatu Isidori alikuwa anarudi kutoka Endasak na mbegu ya mahindi ya kijiji. Ukungu ulimpokea kwenye kilima cha mwisho, jua likizama, na mvua nyembamba ndani yake. Akawasha taa zake mpya. Mwanga ukaenda hatua mbili, ukagonga ukungu, ukamrudia machoni, kama mtu ametundika shuka jeupe mbele ya kioo. Hakuona mtaro, hakuona ukingo. Kitu kimoja tu kilionekana, upande wa kushoto: ardhi tambarare, isiyo na matope. Akamshukuru Mungu, akapeleka gurudumu huko.

Kumbe lilikuwa paa la Bibi Eufrasia.

Tembe za zamani zilichimbwa ubavuni mwa kilima, na paa la udongo lililingana na ardhi ya nyuma. Mbuzi walilala juu yake, na mgeni aliweza kupita asijue kwamba chini yake watu wanakula. Boriti moja ikalia, ya pili ikavunjika, gurudumu la mbele likazama nusu. Lori likasimama hapo, limeinama.

Sauti ikatoka chini: "Nani huyo anapita juu ya kichwa changu bila hodi?"

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi, Isidori."

"Marahaba. Toa kwanza gurudumu lako kwenye mboga yangu, ndipo tusalimiane vizuri."

Hakuna aliyeumia, ila sufuria na boriti. Wanaume walikuja na kamba wakalivuta lori. Mwenyekiti wa kijiji, Gidamis, akanyoosha mkono palepale. "Lete ufunguo. Leo ni paa, kesho itakuwa mtoto wa mtu."

Isidori alishika ukanda shingoni. Hakuwa na shamba kubwa wala ng'ombe. Ufunguo ule ndio uliomfanya mtu mbele ya watu.

Lakini Tlawi ilikuwa na desturi yake: aliyeumizwa ndiye anayesema kwanza, na kabla hajasema, hakuna hukumu. Watu wakamgeukia Bibi Eufrasia, mjane, nywele zake zimejaa udongo wa paa.

"Gidamis, rudisha mkono wako," akasema. "Paa ni langu. Huyu atalijenga kwa mikono yake. Likiisha, nitasema."

Isidori alikata miti, akasuka fito, akabeba udongo siku nne. Jioni ya mwisho Gidamis alikuja kulikagua paa, na ukungu ukashuka tena. Bibi akatoka na koroboi, akaiinua usawa wa uso.

"Unaona nini?"

"Naona weupe tu, Bibi."

Akaishusha mpaka gotini. "Na sasa?"

Isidori akaona miguu ya Bibi, majani yenye umande, na njia nzima mpaka kwenye zizi.

"Mimi nimefuata ng'ombe kwenye ukungu tangu sijaota meno ya ukubwani," Bibi akasema. "Ukungu haulali chini kabisa, mjukuu wangu. Pitisha taa yako chini yake. Wewe umeubandika mwenge kwenye paji la uso, halafu unashangaa huoni! Gidamis, nimesema. Mwache akabadilishe macho ya gari lake. Akikosea tena, ufunguo ni wako."

Patriki hakumcheka safari hii. Alizipokea zile za wati mia, akasema zingeunguza hata nyaya. Akampa za kawaida, wati arobaini na tano, zenye glasi ya njano. "Njano haikuumizi macho sana mvua ikinyesha, lakini usidhani ni dawa." Wakaliegesha lori mbele ya ukuta, wakachora mstari kwa chaki, Patriki akakaza skrubu mpaka mwanga ukashuka chini ya mstari. "Futa matope kwenye vioo vya taa kila unaposimama. Na mwendo, shemeji. Mwendo!"

Safari iliyofuata Gidamis alipanda mwenyewe, akakaa kushoto kwa dereva, mkono wake uko tayari. Walirudi jioni, mvua na ukungu vimeshikana. Isidori alishuka mara tatu kufuta vioo kwa kitambaa.

"Utafuta mpaka viishe?" Gidamis akauliza.

"Bora viishe vioo, Mwenyekiti, kuliko mapaa."

Gidamis alitaka kukasirika, akacheka.

Kwenye kilima cha mwisho mwanga wa njano ulikwenda ukitambaa ardhini, hafifu kuliko ule wa kwanza, lakini ulionyesha mtaro, ukingo, kokoto mojamoja. Halafu ukaonyesha miguu miwili mitupu, na mawe matatu yaliyopakwa chokaa kuwa alama ya paa. Isidori akasimamisha lori hatua kumi kabla, akapiga honi mara moja.

"Hodi, Bibi!"

"Karibu. Leo umejifunza adabu." Bibi Eufrasia alikuwa amesimama ukingoni mwa paa lake jipya, amejifunika gunia. "Gidamis, mkono wako uko wapi?"

"Mfukoni, Mama," akajibu mwenyekiti.

Isidori aliendesha miaka kumi na tisa zaidi, na hakugusa paa la mtu. Kila mavuno, debe la kwanza la mahindi aliloshusha kutoka kwenye lori lilikuwa la Bibi, mpaka alipozikwa. Tembe ile ikabomoka, pakaota majani. Lakini alipokuwa akipita hapo, hata mchana wa jua kali, Isidori alipunguza mwendo, akapiga honi mara moja.